Mzee Kastori na Kadi Iliyopeleka Oksijeni Kanisani

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Mzee Kastori anastaafu tarehe 30 Juni, na sisi wa depo ya vifaa vya tiba Gitega hatimaye tutapumzika kumshikia ngazi.

Alirudi nchini kutoka Kigoma, Tanzania, mwaka 2003, akaanza kama mpakiaji katika tawi letu la Muyinga, akaishia kuwa mkuu wa stoo zote mbili. Kila kitu kilipo, alipajua kwa kichwa. Mwaka jana nesi wa Giteranyi alifika Muyinga kwa pikipiki kufuata mashine ya oksijeni. Wenzetu walipekua saa nzima, wakampigia Mzee huku Gitega, naye akawaambia watazame nyuma ya magodoro. Ilikuwepo. Tangu siku hiyo hakuwa na raha: akiondoka yeye atapigiwa nani, na mgonjwa atasubiri mpaka lini?

Ndipo akaagiza, kwa stoo yetu ya Gitega kwanza, ile kadi ya UWB, inayopima umbali kwa mawimbi ya redio na kupachikwa juu ya kompyuta ndogo. Vidude vinne hukaa ukutani, kingine hufungwa kwenye mashine, na skrini huonyesha iko wapi ndani ya jengo. Sharti mahali pa kila kidude papimwe bila kukosea hata kidogo.

Jamani, mwezi ule! Alipima kuta kwa futi, akarudia, akatugombeza kwa kutikisa ngazi. Ijumaa kadi ikakubali. Jumatatu skrini ikasema mashine iko kwenye uwanja wa kanisa, ng'ambo ya barabara. Akachomoa kadi, akabadili nyaya, akamsumbua fundi Espoir mpaka Espoir akazima simu. Wiki iliyofuata, yaleyale. Imelda wa mapokezi akataka kujua kama mashine inakwenda misa.

Kosa lilikuwa letu. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye kazi za jamii, Mzee akiwa kwao Ryansoro, sisi tulisafisha kuta, tukashusha vidude, tukavifuta vumbi, tukavirudisha kwa mstari mmoja ili vipendeze. Aliyevipanga nilikuwa mimi. Jumamosi ya tatu alikuja, akanikuta na kimoja mkononi. Alikaa juu ya ndoo akashika kichwa, kisha akaomba ngazi.

Jumanne iliyopita Lucia, anayemrithi, aliipata mashine kwa dakika moja bila kumuuliza mtu. Mzee alicheka, akanikabidhi futi yake, akajifuta macho kwa kofia.

Asante, Mzee wetu, hata kwa ugomvi. Kalime kwa amani Ryansoro, na maisha yako yawe mema. Ukiona simu ya depo inaita, pokea tu. Hakuna kilichopotea.