Pini Mbili Nilizozikata kwa Tupa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Mchungaji, Mganga Mfawidhi Daktari Thadeus, ndugu wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, nanyi wazee wangu mlioteremka kutoka vihambani, kwenye migomba yenu, asubuhi hii: shikamooni.

Nimesikia mkinisifu hapa mpaka nikageuka kuangalia kama kuna Aminieli mwingine nyuma yangu. Mmesema kwa miaka thelathini na mmoja fundi huyu hakuwahi kusema haiwezekani. Ni kweli, na ndilo kosa langu kubwa. Naomba niwaeleze kabla sijapokea mabati yenu ya kuniaga ninapostaafu.

Kwenye mashine ya usingizi ya chumba cha upasuaji, pale mtungi wa gesi unapokaa, kuna pini mbili ndogo za chuma. Kichwani mwa mtungi kuna matundu mawili. Kila gesi ina nafasi zake, ili mtungi wa gesi nyingine usikubali kukaa mahali pa oksijeni. Miaka kumi iliyopita pini zetu zilipinda, mtungi wa oksijeni ukagoma, na daktari alikuwa ananisubiri. Nifanyeje, nami ndiye fundi asiyeshindwa? Nikachukua tupa, nikazikata zote mbili. Mtungi ukaingia. Jioni ile nilinunuliwa mbege, pombe yetu ya ndizi, nikanywa kwa raha zangu.

Tangu siku hiyo, ndugu zangu, mtungi wowote uliingia.

Mwaka uliofuata aliletwa mama wa kujifungua kwa upasuaji, Mektrida, muuza ndizi wa soko la Kiboriloni. Mtungi uliofungwa mahali pa oksijeni ulikuwa wa gesi ya usingizi, rangi yake imebabuka, haujulikani ni wa nini. Aliyeufunga alilaumiwa sana. Lakini je, ni yeye aliyekosea, au ni mimi niliyeng'oa mlango na kumwachia wazi? Dada Hilda, muuguzi wetu wa usingizi, aliona midomo ya mama inabadilika rangi. Hakubishana na mashine. Aliichomoa, akampumulisha kwa mfuko wa mkono, hewa hii hii ya Kilimanjaro tunayovuta sote. Mama akarudi, na mtoto akalia. Dada Hilda, hatukukushukuru vya kutosha. Simama wakuone.

Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Mwishowe nilikata jani la isale, nikaenda nalo kwa Mektrida, kama baba zetu walivyotufundisha: ukimkosea mtu, nenda na isale, hatakufukuza. Nilimweleza yote. Akalipokea, akasema, "Mimi nimekusamehe, baba. Ila hizo pini ulizozikata, zirudishe. Mwenzangu atakayelala pale hana isale lako."

Niliagiza pini mpya. Kisha nikazunguka vituo vya afya vya mlimani kurudisha zilizokatwa huko, na nisiwafiche, nilikuta mafundi wengi wana tupa kama yangu, na wote walikuwa wanasifiwa. Tunaoneana haya kusema imeshindikana. Kila nilipopita Kiboriloni, Mektrida aliniuliza kabla ya salamu, "Umezirudisha zote?" Nami nilijibu, "Bado, mama."

Sasa sikilizeni la mwezi uliopita. Binti huyu Grace, fundi wetu mpya, alikuwa anafunga mtungi, nao ukagoma. Daktari anaita. Mimi mzee, mgongo unauma, nikasahau yote haya niliyowaeleza, nikasema, "Sukuma tu, binti, utaingia." Akaniangalia kwa heshima zote akasema, "Samahani mzee, siusukumi. Mtungi ukigoma, tunasoma kwanza." Tukasoma lebo. Haikuwa oksijeni.

Niliona aibu, halafu nikafurahi kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Pini zinaweza kukatwa tena na fundi mwingine mwenye sifa. Lakini mtu anayethubutu kumwambia mkubwa wake kwamba mtungi hauingii, huyo ni vigumu kumkata kwa tupa. Wakuu wangu, akiwachelewesha dakika mbili, msimnunie. Mpeni chai.

Mama Mektrida, nakuona pale nyuma na binti yako Monica, aliyeingia darasa la tatu mwaka huu. Leo nimekuwahi kabla hujaniuliza: nimezirudisha zote, mama, na Grace anazilinda.

Kwa kunipa sikio lenu, hata nilipoyasema ya kuniaibisha, asanteni sana.