Faini ya Kuweka Ngobyi Chini

Ndugu zangu wa chama cha ngobyi, leo nisikilizeni bila kunikatiza. Jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu mwaka wa vita, na kusema kweli nimechoka nalo.

Sheria yetu mnaijua. Mgonjwa akishalala kwenye ngobyi, hii machela yetu ya kusukwa, na wanaume wanne wakaiinua mabegani, haigusi ardhi mpaka zahanati. Tunabadilishana mabega huku tunatembea. Wakiiweka chini njiani wanatozwa mtungi wa pombe ya ndizi, na wanachekwa mwezi mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nikicheka kuliko wote.

Masika ile vijana wetu wengi walikuwa vitani. Tulibaki watu wazima, mimi nikitangulia. Jirani yetu alikuwa na uchungu wa kujifungua kwa siku mbili, mume wake yuko jeshini, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kukatika. Tukashika njia mpya, hii tuliyoichimba ubavuni mwa kilima tulipohamia kijiji cha ujamaa, kwa sababu ile ya zamani inapita juu kabisa na ni ndefu.

Kwenye mteremko tulimkuta bibi mmoja shambani kwake. Tukampa shikamoo, akaitikia, halafu akatuonyesha kwa panga. Chemchemi yake, safi siku zote, ilikuwa inatoa tope. Juu ya njia udongo ulikuwa na ufa wa kuingiza mkono, na migomba yote imeinamia bondeni.

"Iwekeni chini, wajukuu zangu," alisema. "Rudini mpite juu. Kama hamtaki, vukeni mmoja mmoja, mgonjwa abebwe mgongoni."

Shemeji yangu, mume wa dada, alitaka tusimame. Nikamwambia basi pombe ya faini atapika yeye. Ndugu zangu, nawaambia, hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia.

Tulivuka wanne pamoja, uzito wote mahali pamoja, na kilima kikaachia. Mimi nilifukiwa hadi kifuani. Ngobyi ilinasa kwenye migomba, yule mama akatoka hai, akajifungua palepale mikononi mwa bibi. Shemeji tulimpata siku ya pili.

Baada ya hapo mliniona wenyewe. Nilikunywa. Sikubeba mgonjwa tena, na nyumbani kwa dada sikukanyaga misimu miwili. Mkaja kunipa pole, mkasema ni kazi ya Mungu. Hilo lilinikera, na linanikera mpaka leo. Bibi alisema wazi, nami nikampita.

Mwezi uliopita dada akaugua. Wabebaji walipofika akakataa kupanda, akataka niitwe mimi. Nikaenda, nikijua atanitukana mbele ya watu.

"Nitapanda ukitangulia wewe," aliniambia. "Hawa wengine hawajauona mlima ukishuka."

Tukapita njia ya juu. Penye mteremko mmoja tusioweza kuukwepa niliamuru ngobyi iwekwe chini. Nikambeba dada mgongoni, tukavuka mmoja mmoja, huyu akifika ng'ambo ndipo mwenzake anaanza. Tulichelewa, lakini tulifika. Yule pale amekaa karibu na dirisha.

Namshukuru yeye kwa kuniita. Namshukuru bibi, ambaye baada ya kupokea mtoto alirudi kunifukua kwa panga lake. Kwenu ninalo ombi moja tu: mkiona chemchemi imechafuka na ardhi imepasuka, wekeni chini, geukeni.

Lakini tuliporudi na dada mzima, ninyi mlinifanya nini? Mlinitoza faini. Haya, mtungi wenu uko mlangoni. Nimeupika mwenyewe, na dada amenimenyea ndizi. Kunyweni. Ila mkiumaliza nirudishieni, maana asubuhi nimepita kwa bibi, chemchemi imeanza kutoa tope, na mkiniita kesho ngobyi nitaiweka chini tena.