Malachie Kisimba na Mchezo Alioshindwa Abidjan

Baba yetu Malachie Kisimba alizaliwa Kinkondja tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa karani Banza na Mama Lise. Alipokuwa na miaka sita baba yake alihamishiwa ofisi ya reli, na familia ikaja Kamina na virago vyake vyote, pamoja na magunia mawili ya samaki wakavu.

Alisoma papa hapa Kamina, katika shule za Wametodisti, akapata diploma ya ualimu mwaka 1975. Hesabu zilimtoa jasho. Lakini nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli palikuwa na kiwanja cha tenisi cha simenti, kimepasukapasuka, na hapo, jamani, hakuna aliyemuweza.

Mwaka 1978 aliacha chaki akashika raketi, nayo ikamlisha miaka kumi na mmoja. Alicheza Lubumbashi, Lusaka, Nairobi. Mwaka 1980 alimuoa Mama Émerence Monga, aliyekubali mume wa safari bila kununa, isipokuwa siku za kufua kaptula nyeupe.

Agosti 1983 alikwenda mashindanoni Abidjan. Alishindwa mchezo wa kwanza, 6-1, 6-0. Hesabu hizo ametuagiza mwenyewe tuzisome leo. Treni iliyomrudisha kutoka Lubumbashi ilipoingia gare, stesheni yetu ya Kamina, alikuta kwaya, walimu na watu wa mtaa wanaimba. Wakambeba mabegani wakimwita Champion, yaani bingwa. Alidhani wamesikia kwamba ameshinda, na mdomo ukawa mzito. Jina likamganda. Kwa miaka arobaini na zaidi, kila aliyemwita hivyo alimchoma moyo bila kujua.

Aliacha mashindano mwaka 1989, akarudia ualimu hadi 2018. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Maumivu aliyavumilia, alichoogopa ni kuzikwa na uongo.

"Bataandika Champion ku musalaba yangu," alimwambia mkewe.

"Basi sema, Baba Tamar. Unangoja nani akusemee?"

Jumapili tarehe 17 Novemba 2024 aliomba nafasi ya ushuhuda. Akasema yote. Ndipo Mama Clémentine, aliyeongoza kwaya siku ile ya gare, akasimama na fimbo yake.

"We Malachie, tulijua! Phonie ya gare, ile redio yao, ilitwambia mbele treni ifike. Hatukukuya kupokea coupe ya ushindi. Tulikuya kupokea mutoto wetu, mwenye alienda mbali kupita siye bote, na akarudia!"

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka mpaka machozi. Loo, tulishusha pumzi sisi wote! Mama Émerence anasema tangu siku hiyo mumewe alilala vizuri, akaanza tena kukoroma.

Alifariki tarehe 8 Februari 2025 hospitalini, bila kuhangaika, mkono wake katika mkono wa mkewe. Ameacha mjane, Mama Émerence, watoto wawili, Tamar na Théo, wajukuu watano, na dada yake Déborah.

Baba yetu, pumzika katika amani uliyokwisha kuionja. Juu ya msalaba wake tumeandika jina lake, na chini yake: Champion. Aliruhusu mwenyewe.