Boga Mkononi mwa Maryamu

Benchi la Hussein, muuza kahawa wa Misima, lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekalia upande wa tofali hatakiwi kucheka kwa nguvu. Asubuhi hiyo upande huo aliukalia Faraji, naye hakuwa na kicheko chochote. Kijiweni wanamwita Alfajiri, kwa kuwa hutoka kwenda mashambani kununua machungwa kabla jogoo hajakohoa, akarudi nyumbani watu wamelala. Leo hakwenda popote. Jana mama yake alifika kutoka Kwaluguru kumwona mjukuu, Maryamu, wa miezi saba, akamkuta mkekani na kipande cha boga mkononi, anajilisha. Kijiko hakuna, kibakuli cha uji hakuna, na mama mtu, Zamda, kakaa pembeni anamtazama kama mtu anayetazama mpira. Bibi hakutua hata mzigo. Alisema Faraji aamue kabla ya adhuhuri ya leo: mtoto arudishiwe kijiko, au yeye apande gari arudi kwake, na nyumba ile asiitwe tena hata kwa msiba. Zamda hakuinua sauti. "Amua tu, Baba Maryamu," alisema. "Lakini ukiamua kijiko, utakishika wewe." Ndipo Faraji akaja kutafuta uamuzi mahali ambapo uamuzi haujawahi kukosekana.

— Yaani nyumba nzima inawaka moto kwa sababu ya boga? aliuliza Hussein, akimimina kahawa.

— Si boga, ni utaratibu, alisema Mhina, waliyembatiza Katiba kwa kuwa kila jambo kwake lina kifungu. Mtoto analishwa. Neno lenyewe linasema, a-na-li-shwa. Ukishasema anajilisha, umechana kifungu.

— Zamda anasema kliniki ndiko walikomwelekeza, alisema Faraji. Boga, ndizi, kiazi, vinachemshwa mpaka ukibonyeza kwa vidole viwili vinapondeka. Unamkatia vipande virefu kama kidole chako, unamwekea mbele, anachukua mwenyewe. Ziwa ananyonya kama kawaida. Na hamwachi peke yake hata kidogo.

— Akipaliwa je? aliuliza Matayo, fundi pikipiki, ambaye kijiweni ni Injinia hata siku ambayo pikipiki imemshinda.

— Jana alikohoa. Mama akamnyang'anya boga, akaanza kupiga dua. Zamda akamwambia, "Mama, anayekohoa anapumua. Akinyamaza ndipo tushtuke."

— Sasa ngoja nikupe kitaalamu. Injinia alifuta mikono kwenye suruali, kama mtu anayetaka kufungua mashine. Koo la mtoto ni kabureta. Linataka kitu laini. Uji ndiyo petroli yenyewe. Boga ni oili chafu. Ukimimina oili chafu kwenye kabureta unafanya nini?

— Unakuletea wewe, alisema Hussein, halafu huioni tena.

— Pikipiki yako tuiache nje ya kikao.

— Imeshakaa nje ya kikao tangu masika. Hebu nisikilizeni. Mimi namuunga mkono shemeji Zamda. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ndiyo maana umewekwa boga.

— Methali hiyo haihusu boga!

— Inahusu mkono. Mtoto mkono anao, hana?

— Anao, alikubali Katiba, kisha akayakaza macho. Lakini mkono upi?

Faraji alikuwa anaomba swali hilo lisije. Alipiga funda la kahawa ya moto.

— Alfajiri, nakuuliza. Mkono upi?

— Wa kushoto.

Katiba aliruka, benchi likayumba, na Faraji akashika tofali kwa mguu.

— Si nilisema! Samaki mkunje angali mbichi!

— Samaki bado hajapewa, ana miiba, alisema Faraji, na hakuwa anatania.

— Mtaona! Leo anajichagulia boga, kesho anajichagulia shule, kesho kutwa mchumba. Siku ya posa utaitwa kama mgeni mwalikwa. Utapewa soda, Alfajiri. Soda ya moto!

— Hatari kubwa iko kwenye balansi, alisema Injinia, akichora tairi hewani. Mkono wa kushoto utanenepa, wa kulia utasinyaa. Akianza kutembea atakuwa anakata kona tu. Utamtuma dukani, yeye anaingia msikitini.

— Ndiyo heri, akazoee mapema, alisema Hussein. Ninyi mmewahi kuona ndama wa Wamasai analishwa kwa kijiko? Anazaliwa, anasimama, anajitafutia. Sisi vijiko tuliletewa na Mjerumani, pamoja na ile reli ya Korogwe. Kabla ya hapo Wazigua wote walijilisha wenyewe.

— Ulikuwepo?

— Reli ipo. Nenda kaitazame.

Ushahidi wa reli ukapokelewa. Katiba akakohoa kikubwa, akasimama, akapendekeza mwafaka: boga lipondwe, litiwe kwenye kijiko ili bibi aridhike, kijiko kifungwe kwa kitambaa mkono wa kulia wa mtoto ili dini iridhike, halafu aachwe ajilishe ili Zamda aridhike. Injinia akaahidi kutengeneza kifungio kwa mpira wa tairi. Hussein akapitisha. Kwa mara ya kwanza tangu jana, Faraji aliuona mgongo wake umenyooka. Jambo limeamuliwa na watu wazima, limezingatia kila upande, na adhuhuri ilikuwa bado mbali. Akaomba kikombe kingine, cha kushangilia.

Pembeni ya jiko alikuwa amesimama dada mmoja mwenye ndoo ya maharage, anasubiri gari la kwenda Handeni mjini. Alikuwa amenunua kashata, anaitafuna taratibu.

— Shikamooni, alisema. Mimi Justa, natokea Magoma. Samahani kwa kuingilia. Huyo mtoto, anakaa?

— Marahaba. Anakaa hapa hapa, alisema Katiba. Nyuma ya mashine ya kusaga.

— Nyumba ya bati jipya, aliongeza Injinia.

— Siulizi nyumba. Nauliza kukaa. Ukimweka chini, anakaa mwenyewe au anaanguka? Mimi wangu nilisubiri akae kwanza, ndipo nikampa kitu cha kushika.

Katiba alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Hussein. Kisha wote watatu wakamgeukia Faraji, mwenye mtoto.

Faraji alifumbua mdomo. Alimjua Maryamu: alijua kisigino chake kinavyotoka nje ya khanga, alijua uzito wake anapohamishwa kitandani upande wa ukutani, alijua pumzi zake. Lakini huyo aliyemjua alikuwa amelala. Huyo aliyekuwa macho, mchana, juu ya mkeka, hakuwa na habari naye.

— Nafikiri..., alianza.

— Unafikiri? aliuliza Hussein taratibu, na birika likabaki hewani.

Gari la Handeni lilipiga honi, Justa akashukuru, akajitwika ndoo, akaondoka. Faraji aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akainuka, na benchi likainama bila mtu wa kulizuia.

Alimkuta mama yake mlangoni, mzigo miguuni.

— Umeamua?

— Ngoja kwanza nione, mama.

Alipita. Mkekani, Zamda akiwa pembeni yake, Maryamu alikuwa amekaa kitako, mgongo wima kama mwali anayesubiri wageni, uso wote boga. Alimwangalia baba yake kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Kisha akanyoosha mkono, ule ule wa kushoto, akampa kipande alichokwisha kutafuna kwa fizi.

Faraji akainama, akakipokea kwa mdomo. Kilikuwa laini, kikapondeka chenyewe kwenye ulimi.

— Anakaa, mama! alisema, kama mtu aliyeleta habari kutoka mbali.

— Anakaa tangu nilipofika, alijibu mama yake. Wewe ndiye hukai.

Alisema hivyo, lakini aliusogeza mzigo kwa mguu, ukaingia ndani.

Zamda akasogea kidogo mkekani. Faraji akavua viatu, akakaa.