Gicheru Ngatia na Video Iliyokatika Isiolo

Waombolezaji wapendwa, mimi ni Mwai, kaka mkubwa wa marehemu, na ninasoma kwa niaba ya familia, ambayo jana nusura ifute sehemu ya habari hizi, hadi mjane, Ngendo, akakataa, akasema mumewe aliomba zisomwe zote.

Gicheru alizaliwa Naro Moru tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa pili wa Mzee Ngatia na Mama Wanjiku, akasomea shule ya msingi hapa hapa kijijini, akamaliza kidato cha nne mjini Nyeri mwaka wa 2004, na mwaka wa 2009 akafungua studio ya picha Chaka. Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa na Ngendo, na Mungu akawajalia Shiku na Ngatia.

Kamera yake ilikuwa ya picha za kawaida, na kwa video ilijizima kabla ya nusu saa, mara nyingi mhubiri akiwa ndipo anapata moto, kwa hivyo mwaka wa 2018 alijiunga na kikundi cha mtandaoni cha watu wa nchi nyingi wanaoundia kamera kama hizo programu mpya isiyo na kikomo hicho, wengine wakiiandika na wengine, kama yeye, wakiijaribu na kuripoti kama inafaa. Majaribio aliyafanya uani, akirekodi mbuzi wa mama saa tatu mfululizo, nasi tulimcheka sana, maana mbuzi huyo ana video nyingi kuliko bibi arusi yeyote wa Kieni.

Mwezi wa Julai 2023, wakati wa baridi kali, aliripoti kwamba toleo jipya la programu limepita majaribio, na rafiki yake Khadar, mpiga video wa Nanyuki, akaliweka kwenye kamera yake kwa kumwamini. Tarehe 19 Agosti 2023 Khadar alirekodi harusi ya dada yake Safiyo kule Isiolo, akawaomba wageni waweke simu mfukoni wasimzibe, na baba yao, Mzee Awil, aliposimama kumwombea bintiye dua, kamera ikashikwa na joto, ikazima, na video yote ikakataa kufunguka. Mzee Awil aliaga dunia mwezi wa Novemba mwaka huo, na hakuna mtu aliyebaki na dua ile.

Khadar hakuwahi kumlaumu, lakini Gicheru hakujisamehe. "Baridi ya hapa imenidanganya, na mimi nikamdanganya Khadar," alituambia, akaiondoa ripoti yake, na tangu hapo akawa anajaribu kila toleo ndani ya kivungulio cha jirani yetu Wambugu, ile nyumba ya plastiki yenye joto anamokuza nyanya, adhuhuri, jasho likimtoka, na kuandika kiwango cha joto kwenye kila ripoti.

Video ile aliihangaikia miezi mingi, na Machi 2024 akafanikiwa kuokoa kipande kifupi ambamo Mzee Awil anaonekana akiongea, mkono juu ya kichwa cha Safiyo, lakini sauti haipo. Alitaka kukipeleka, na sisi wa familia, mimi nikiwa mbele, tukamwambia asipeleke kitu nusu kwa watu wenye msiba, akatutii.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2025, akatibiwa Nyeri, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, akatuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani Wambugu aliyetupeleka hospitalini kila mara, wapiga video wa Chaka na Nanyuki, na wenzake wa mtandaoni waliotutumia rambirambi bila kuwahi kumwona uso.

Jumapili iliyopita Ngendo alimpelekea kipande hicho Mama Fowsia, mjane wa Mzee Awil, aliye nasi leo, na mimi nikaandamana naye, nikaanza kuomba radhi kwamba hakina sauti. Mama alitazama mara moja, midomo yake ikifuatana na ya mumewe, neno kwa neno. "Sauti ya nini?" akaniambia. "Wasichana wetu wote aliwaombea hivi hivi. Mbona mlikaa na kipande hiki?"

Gicheru, ndugu yangu, kazi yako ilikuwa imekamilika, na ni sisi tuliokunyima kulijua hilo ukiwa hai, tusamehe, upumzike.