Dkt. Elifuraha Swai na Dawa Inayonata Shavuni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Dkt. Elifuraha Swai anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya dawa hapa Moshi kwa miaka thelathini na mitatu. Alianza kazi akiwa binti mwembamba kutoka Machame. Wembamba umeondoka, ubishi umebaki.

Kazi iliyomtambulisha ni ya polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, inayobeba dawa na kunata kwenye utando wenye ute ndani ya kinywa. Ya kwanza aliitengeneza kwa wanga wa ndizi, nayo iliteleza na kumezwa pamoja na mate kabla dawa haijafanya lolote. Akaibadilisha kikemia kwa kuipachika viambata vya salfa ili ishikane na ute. Ikanata vizuri, ila maabara nzima ilinuka mayai viza. Jumapili, kwenye kwaya ya usharika, wenzake wa sauti ya pili walimwachia benchi zima, naye akaimba kwa nafasi.

Dawa hiyo aliikusudia kwa wenye vidonda vya mdomoni baada ya matibabu ya mionzi. Mmoja wa waliokubali kuijaribu alikuwa Mzee Primus, mkulima wa kahawa wa Kibosho, ambaye hata mtori wa vuguvugu, ile supu laini ya ndizi, ulimshinda. Alikuwa anakonda tukimwona, na tulihofia kumpoteza kwa njaa. Wiki ya kwanza haikuleta nafuu yoyote. Baadhi yetu tukaanza kusema dawa imeshindwa.

Aliporudi kliniki, tulikuta kipande cha dawa kiko nje ya shavu, juu ya ndevu, kimeshika barabara. Maelekezo yalisema “bandika shavuni”, naye alitii. Dkt. Elifuraha alimwamkia shikamoo, kisha akamwomba radhi, kwa kuwa maneno yale aliyaandika yeye. Mzee alijibu kwa shida: “Marahaba, mama. Inanata kweli. Ila kuibandua ni kunyolewa.” Tulicheka sote isipokuwa Dkt. Elifuraha.

Alisahihisha maelekezo siku hiyohiyo: ndani ya mdomo, upande wa ndani wa shavu. Hakuishia hapo. Akawa anapanda Kibosho kila asubuhi kabla ya kazi ili ambandike mwenyewe. Siku moja alichelewa sana kurudi. Mzee Primus alikuwa amemaliza bakuli la mtori na kuomba pilipili, na Dkt. Elifuraha alibaki jikoni na mke wa mzee, wakilia wote wawili. Hakuna aliyemdai ripoti siku hiyo.

Dawa bado iko kwenye majaribio, na Calvin, aliyefundishwa kazi na Dkt. Elifuraha, ndiye atakayeiendeleza. Ukali wa mama huyu maabarani na upole wake kwa wagonjwa tutaukosa, na tunaona uchungu kumwacha aende.

Mama Elifuraha, asante sana. Tunakuombea afya njema na mapumziko yenye amani. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, ikikatwa leo kwenye hafla hii ya kukuaga, kipande cha kwanza utalishwa na Mzee Primus. Ameomba mwenyewe, na amesema cha pili ni chake.