Mwani wa Mei

Julai hiyo basi la mji wa Juneau, Alaska, lilikuwa limejaa makoti yaliyolowa. Wendell, kijana ambaye abiria mwenzake, Bi Verna, hakuwa akimjua, alimlalamikia kwamba mwani wake wa kula umeoza akiuanika.

"Uliuanika lini, mwanangu?"

"Juzi, mama. Niliuchuma Mei, nikaugandisha kwenye friji kungoja jua la majira ya joto. Sasa hivi si mchana ndio mrefu?"

"Mrefu wa mawingu!" Bi Verna akaangua kicheko. "Jua letu ni la majira ya kuchipua, Aprili na Mei. Julai ni mwezi wa mvua na buti za mpira. Nani alikulea wewe?"

"Ah, ni mwaka huu tu wenye mkosi."

Bi Verna alifungua mkoba, akatoa mwani mweusi alioanika Mei juu ya paa lake, akautia kinywani, akatafuna taratibu kwa makusudi. Kwachu, kwachu! Hadi dereva akageuka, na viti vya nyuma vikashangilia.

"Mwakani utaona," Wendell akashupaa, huku mkono wake umeshazama kwenye mkoba wa Bi Verna.

Basi likasimama. Wendell akashuka mvuani bado anaitetea Julai, mdomo umejaa Mei.